Somo: Gobore la fataki la babu, namna ya kulitambua kabla hujaniuliza bei

Wakuu, kamwene. Picha ninazotumiwa zote ni moja: bunduki ndefu imelazwa mkekani, imepigwa gizani kwa mbali, na maneno "Mkuu hii ni ya Mkwawa, inaenda shilingi ngapi?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

1. Toa taarifa. Gobore (bunduki ya kushindiliwa baruti kupitia mdomoni) lisilo na leseni ni silaha kama silaha nyingine mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hata kama liliachwa na babu wa babu. Usipande nalo basi kulipeleka kituoni. Mwambie mwenyekiti au mtendaji, polisi waitwe walikute lilipo.

2. Hakikisha halijashindiliwa. Hapa ndipo watu wanapochezea roho zao. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haichachi. Mzee aliyelishindilia kwa ajili ya nguruwe pori wa shambani alikusudia kurudi kulitumia, akafa nalo likiwa limejaa. Kwanza tazama kile kichuchu chini ya nyundo. Kama kimevaa kofia ndogo ya shaba, hiyo ni fataki: acha kila kitu, ondoa watoto, subiri polisi. Kama kiko wazi, elekeza mdomo kwenye kichuguu au ukingo wa udongo, wewe ukae ubavuni, kamwe usikae mbele. Chukua ufito mkavu ulionyooka (wa mti, si nondo), uingize taratibu mpaka ugote, bila kugongagonga. Weka alama pale mdomoni. Utoe, uulaze nje sambamba na mtutu, alama yako ikiwa usawa wa mdomo. Ncha ya pili inatakiwa ifike karibu kabisa na kichuchu. Ikiishia vidole viwili vitatu kabla, kuna kitu ndani. Huenda ni kiota cha nyigu, huenda ni baruti na vipande vya chuma. Vyote vihesabu ni baruti. Usichokonoe, usimwage maji ya moto, usimpelekee fundi welding. Ufito ukifika mwisho nao usikupe kiburi: mdomo usielekezwe kwa mtu hata hivyo.

3. Usisugue. Nimeletewa moja kutoka upande wa Mufindi imepigwa msasa ikang'aa kama sufuria ya harusi. Kwenye bamba la mtambo (kile kibati cha ubavuni kinachobeba nyundo) ilibaki nusu herufi tu. Historia yote ya chuma kile iliishia kwenye vumbi la msasa. Kitambaa kikavu kinatosha.

4. Ni ya fataki au gumegume? Ya fataki ina nyundo yenye kichwa chenye shimo, inayofunika kichuchu. Gumegume ina taya zinazobana jiwe, na kisahani cha baruti ubavuni. Mfumo wa kulipua kwa kugonga ulipewa hataza Uingereza mwaka 1807, kofia za shaba zikaenea baada ya 1820, kwa hiyo ya fataki haiwezi kuwa "ya miaka mia tatu". Ikiwa nyuma ya mtutu kuna kifuniko kinachofunguka ubavuni kuingiza risasi, hiyo si gobore tena.

5. Mulika mdomoni. Mifereji inayojizungusha ndani maana yake ni raifo. Ukuta laini ni bunduki ya kawaida ya biashara, na nyingi zitakuwa hizo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia raifo kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa gumegume zisizo na mifereji.

6. Soma alama. Raifo ya Enfield ya 1853 ina mtutu wa karibu sentimita 99, pete tatu, na tundu la milimita 14.7 hivi. Kwenye bamba, nyuma ya nyundo, ya jeshi ina taji na herufi VR, za Malkia Victoria. Taji bila VR kwa kawaida ni ya kiwanda binafsi. Neno TOWER peke yake halithibitishi kitu, liligongwa hata kwenye bunduki za kuuziwa Waafrika.

7. Hali yake. Angalia kutu iliyochimba vishimo kuzunguka kichuchu, mti uliobunguliwa, skrubu zilizobadilishwa. Usifyatue nyundo kavukavu, utavunja kichuchu.

Na msisahau: magobore mengi ya vijijini ni bomba la maji na kazi ya fundi wa juzi. Ukiona mshono wa welding au nati ya pembe sita, hiyo si ya kale.

MASWALI

Kijana wa Mafiati: Mkuu somo zuri. Sasa nikitafuta baruti naweza kujaribu hata moja tu kuona kama inafanya kazi?

Mtoa somo: Hapana.

Kijana wa Mafiati: Mbona mkali, nimeuliza tu.

Mtoa somo: Na mimi nimejibu tu. Chuma kina kutu usiyoiona, kikipasuka kinapasukia usoni kwako. Rudi namba 2, halafu namba 1.

Mnyalukolo: Babu anasema yetu ilitekwa Lugalo 1891. Unataka kusema mzee muongo?

Mtoa somo: Sijamwita mzee wa mtu muongo. Askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani aliyepigwa na Wahehe pale Lugalo, walibeba Mauser za mtindo wa 1871, zinazojazwa nyuma. Yenu inajazwa mdomoni, kwa hiyo haikutoka mikononi mwa askari wale. Ila magobore yalifika nyanda hizi na biashara ya pembe za ndovu kabla ya Mjerumani, na Wahehe walikuwa nayo. Muulize babu aliipata kwa nani, uandike jina. Hilo lina thamani kuliko Lugalo ya kubahatisha.

Dili Tunduma: Kuna watu wanatafuta za kale zenye zebaki nyekundu, wanalipa vizuri. Nitaijuaje?

Mtoa somo: Hutaijua kwa sababu haipo. Wanaolipa vizuri huanza kwa kukuomba wewe hela ya kipimo.

Mama Njombe: Shikamoo mwalimu. Ya marehemu baba mkwe ina kama yai chini ya mtutu, ndani herufi E L G na kinyota. Nimeitazama kwa tochi, sijaigusa.

Mtoa somo: Marahaba mama, hivi ndivyo maswali yanavyoulizwa. Hiyo ni alama ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, mji uliofua bunduki nyingi mno za kuletwa Afrika. Tazama juu ya yai: taji liliongezwa 1893. Kama halipo, mtutu ulijaribiwa kabla ya hapo.

Mama Njombe: Halipo. Ila kwenye bamba la mtambo kuna vitundu vimezibwa kwa chuma, na kichuchu kimesimama juu ya kipande kilichochomekwa ubavuni. Fundi alikosea?

Mtoa somo: Umeona kitu ambacho wengi hawakioni! Hiyo ilizaliwa gumegume. Kisahani na springi yake viling'olewa, vitundu vya skrubu vikazibwa, na pale palipokuwa na tundu la moto pakachomekwa kipande cha kubeba kichuchu. Mtutu wako basi unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko nyundo yake.

Mama Njombe: Ndaga fijo, mume wangu Mnyakyusa atafurahi. Polisi wakimaliza na wakiruhusu ibaki, tuiweke wapi? Zamani ilining'inia juu ya mafiga.

Mtoa somo: Mafiga hapana, moshi na mvuke wa ugali vinaila. Wala msiichomeke kwenye ala ya ngozi, kwa ukungu wa Njombe ngozi hukaa na unyevu.

Fundi Cherehani Makambako: Mafuta ya cherehani yanafaa?

Mtoa somo: Kwenye chuma yanafaa, tone moja kwenye kitambaa. Kwenye mti usiyatumie, yanalainisha na kuuachia weusi. Na mama, ukipiga picha, piga asubuhi mwanga ukitokea ubavuni, na upande wa kushoto wa kitako usiuache.