Somo: Namna ya kusoma historia ya MOT kabla hujalipia gari Uingereza

Habari zenu ndugu. Kila mara napokea ujumbe wa mtu aliyeko huku Uingereza anayetaka gari, ama la kuzungukia hapa hapa, ama la kupakia melini kwenda Mombasa au Dar. Swali ni lile lile: "Muuzaji anasema lina MOT ya mwaka mzima, nitoe hela?" Jibu langu: bado. Cheti kinaeleza hali ya gari siku ile lilipokaguliwa, basi. Unachotakiwa kusoma ni miaka yote ya nyuma, na hiyo ipo bure kwenye simu yako.

Kwa wageni: MOT ni ukaguzi wa lazima wa kila mwaka. Ulianza 1960 kwa magari yaliyofikisha miaka 10, yakiangaliwa breki, taa na usukani. Tangu 1967 gari hupimwa mara ya kwanza likitimiza miaka 3. Ireland Kaskazini ni miaka 4. Siku hizi fundi huangalia pia tairi, suspensheni, kutu, mikanda, moshi na mengine mengi. Ila hali ya injini, gia boksi na klachi havimo. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea: tunasikia gari "limepita" tukadhani na injini imepita.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Gari langu la kwanza hapa nililinunua kwa mtu binafsi, jioni, mvua inanyesha, cheti cha wiki mbili kiko mkononi mwake. Wiki ya tano, nikiwa na mke wangu na mtoto mchanga, nikakanyaga breki na pedali ikazama mpaka chini. Tulisimama kwa breki ya mkono, tunamshukuru Mungu. Fundi alipolinyanyua gari akanionyesha paipu ya breki imeliwa na kutu hadi imetoboka. Usiku ule ndipo nikafungua rekodi: kutu ya paipu ile ilikuwa imeandikwa miaka mitatu mfululizo. Maneno yalikuwepo pale kabla sijatoa hata senti moja. Kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Hatua ya 1: Pata namba ya gari

Unahitaji namba ya pleti tu. Kama kwenye tangazo wameifunika, iombe. Akikataa kukupa, achana na gari hilo. Kisha ingia tovuti ya serikali, GOV.UK, utafute ukurasa unaoitwa "Check MOT history". Hakuna malipo. Zipo tovuti zinazotoza pesa kukuonyesha haya haya, usizilipe kwa kazi hii. Rekodi za England, Scotland na Wales zinaanzia 2005, za Ireland Kaskazini 2017.

Linganisha aina ya gari, rangi, mafuta na tarehe ya kusajiliwa na kile unachouziwa. Pleti yenyewe pia inasema: tarakimu 17 ni gari lililosajiliwa kati ya Machi na Agosti 2017, na 67 ni kati ya Septemba 2017 na Februari 2018. Kwa anayepeleka Kenya hili si dogo, maana kule kuna kikomo cha miaka 8, na nusu mwaka unaweza kuliangusha gari zima. Tanzania nayo hutoza kodi ya uchakavu kwa magari yaliyozeeka.

Hatua ya 2: Andika maili kwenye karatasi

Usisome kwa macho tu, chukua kalamu. Kila ukaguzi una idadi ya maili. Andika mwaka, maili, halafu tofauti. Tuseme: 2020 maili 31,000, 2021 maili 44,000, 2022 maili 58,000, 2023 maili 47,000. Hapo limechakachuliwa, hata mtoto anaona. Lakini wajanja hawafanyi hivyo. Wao hurudisha maili *baada* ya ukaguzi wa mwisho, kiasi kwamba namba ya dashibodi inabaki juu kidogo ya ile ya kwenye rekodi. Gari lililokuwa likitembea maili 14,000 kila mwaka, ghafla mwaka wa mwisho limetembea 900. Muulize muuzaji sababu. Huenda mwenyewe alistaafu au alianza kufanyia kazi nyumbani, ni kweli hutokea. Basi usukani, pedali na kiti viwe vinafanana na maelezo yake.

Hatua ya 3: Elewa maneno ya matokeo

Tangu tarehe 20 Mei 2018 kasoro zimepangwa kwa uzito. "Dangerous" ni hatari ya papo hapo: gari limefeli na halitakiwi kuendeshwa mpaka litengenezwe. "Major" pia ni kufeli. "Minor" limepita ila kitengenezwe mapema. "Advisory" limepita, lakini fundi anakuonya kwamba kitu fulani kinaelekea kubaya. Rekodi za kabla ya hapo zina kufeli na Advisory tu.

Msiogope neno kufeli. Gari lililofeli Jumatatu likapita Alhamisi limetengenezwa, na hilo ni jambo jema. Taa ya namba imeungua, wiper zimechakaa, mambo ya kawaida. Mimi naogopa zaidi gari lililofeli kwa kitu kizito, kama kutu kwenye chesisi, halafu likapita siku ile ile. Kuchomelea vyuma si kazi ya nusu saa. Hapo omba risiti.

Hatua ya 4: Soma Advisory za miaka yote, toka chini kwenda juu

Hapa ndipo penye mali, tulieni. Ukurasa unaanza na ukaguzi mpya kabisa, na wengi huishia hapo. Shuka chini kabisa kwenye ukaguzi wa zamani, upande mwaka kwa mwaka. Unatafuta kitu kimoja: onyo lilipotolewa, mwenye gari alifanya nini?

Mfano, 2021 imeandikwa diski za breki za mbele zimechakaa. 2022 hazitajwi tena. Huyo alizibadilisha, ni mtu wa kutunza. Mwingine 2021 diski, 2022 diski, 2023 diski na bushi, 2024 amefeli kwa hizo hizo. Huyo anasubiri alazimishwe. Sasa jiulize: mtu asiyebadilisha kitu alichoandikiwa na mkaguzi, oili ya injini, ambayo hakuna anayemwandikia, anaibadilisha lini? Injini haikaguliwi, lakini tabia ya mwenyewe inaonekana.

Tairi nazo husema. Kina cha chini kisheria ni milimita 1.6. Ukiona kila mwaka tairi zinakaribia kikomo, mwenyewe hununua tairi zilizotumika, zilizobakiza muda mfupi kuisha. Ukiona tairi imeisha upande mmoja wa ndani, mwaka huu na mwaka uliopita, pengine alaimenti au suspensheni ina shida ambayo hakuna aliyeigusa.

Neno la kuliogopa kuliko yote ni "corrosion" au "corroded", yaani kutu. Huku wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili zisigande barafu, na chumvi hiyo inapanda chini ya gari. Kutu kidogo kwenye springi au eksozi si mwisho wa dunia. Kutu kwenye paipu za breki, kwenye "subframe" (fremu ya chuma chini ya gari inayoshikilia suspensheni) au kwenye vyuma vinavyobeba suspensheni ni habari nyingine. Na kama gari linaenda Mombasa, Tanga au Unguja, unalitoa kwenye chumvi ya barabarani unalipeleka kwenye chumvi ya bahari. Kutu haitapumzika. Mimi gari la namna hiyo simshauri ndugu yangu kulinunua hata likiwa nusu bei.

"Nearside" ni upande wa kushoto, wa abiria wa mbele, na "offside" ni upande wa dereva. Ukiona imeandikwa kwamba vifuniko vya chini vimezuia kuona baadhi ya sehemu, hiyo si kasoro, lakini ujue pia kuwa chini hapakuonekana pote.

Hatua ya 5: Mapengo

Kila mwaka kuwe na ukaguzi. Kukiwa na pengo la mwaka au miwili, gari lilikuwa wapi? Huenda lilitolewa barabarani kihalali, kile wanachokiita SORN. Huenda liligongwa likakaa gereji. Gari lililokaa sana huharibika breki, tairi na mipira hata kama maili ni chache.

Hatua ya 6: Malizia mbele ya gari lenyewe

Usiende usiku. Namba ya chesisi chini ya kioo cha mbele ifanane na ile ya kadi ya gari, V5C. Kadi hiyo ina alama ya maji ya DVL ukiinyanyua kwenye mwanga, na ina namba ya tarakimu 11 ambayo ukiiingiza kwenye ule ukurasa utaonyeshwa pia kila ukaguzi ulifanyikia kituo gani. Gari la "bibi mmoja wa Cornwall", mkoa ulio mbali na London, ambalo limekaguliwa London kila mwaka lina maswali. Kisha chukua Advisory za mwisho uzikague moja moja kwa macho, tochi mkononi.

Historia ya MOT haikuambii kama gari limeibwa, lina deni la mkopo, au bima iliwahi kulifuta kwa ajali. Hiyo ni huduma ya kulipia, na hapo ndipo pesa yako itumike.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Luton: Shukrani mkuu kwa somo. Kuna gari nimeliona, 2019 limekaguliwa Aprili, halafu ukaguzi unaofuata ni Oktoba 2020. Nilikimbie?

*Jibu:* Usikimbie mkuu. Wakati wa korona serikali iliongeza miezi 6 kwa magari ambayo MOT yake ilikuwa iishe kuanzia tarehe 30 Machi 2020, na nyongeza hiyo ikakoma mwisho wa Julai. Pengo la miezi ile ni la kawaida kabisa. Angalia maili yameendaje na uendelee na hatua nyingine.

Mwanachama wa Reading: Shikamoo kaka. Nataka kumpelekea mama gari la miaka miwili Nairobi, nimeandika namba haileti ukaguzi wowote.

*Jibu:* Marahaba dada. Halijafikisha miaka 3, halijawahi kukaguliwa, ndiyo maana. Hapo tegemea rekodi za sevisi: omba tarehe, maili na risiti, upige simu gereji iliyofanya kazi uhakikishe. Na kumbuka, kwa kikomo cha Kenya, gari utakalopeleka huwa na kaguzi tano hivi kwa wingi. Kila moja ina uzito, usiruke hata moja. Mama apate gari la kumfikisha salama.

Mwanachama wa Coventry: Nimenunua kwa yadi wiki iliyopita, cheti kipya hakina Advisory hata moja, fundi wangu anasema tairi mbili na bushi zimekwisha. Naweza kufanya nini?

*Jibu:* Pole sana ndugu. Kwanza usitengeneze chochote sasa hivi. Lalamika kwa DVSA, mamlaka inayosimamia MOT. Una siku 28 tangu lilipopita, na kwa mambo ya kutu una miezi 3. Pili, kwa kuwa ulinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro. Waandikie leo, kwa barua pepe, uambatanishe picha. Ungenunua kwa mtu binafsi haki hiyo usingekuwa nayo.

Mwanachama wa Mombasa: Mimi niko huku. Gari limeshafika na lina pleti ya Kenya. Nitajuaje?

*Jibu:* Kama limetoka Uingereza, mwombe muuzaji makaratasi ya kuliingizia. Namba ya zamani ya Uingereza imo humo, iandike kwenye ukurasa ule ule. Asipokuwa nayo, omba namba ya chesisi na asili ya gari, umwambie huendelei bila karatasi. Kama limetoka Japani, kama mengi ya huko, ukurasa huu hautakusaidia. Omba nakala ya cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje. Kinaandikwa kilomita za ukaguzi wao wa mwisho, nawe ulinganishe na dashibodi.

Mwanachama wa Leeds: Kwenye rekodi ya gari langu mkaguzi alikosea, kaandika 124,000 badala ya 24,000. Sasa nauza na kila mnunuzi anakimbia.

*Jibu:* Rudi kituo kile kile kama hazijapita siku 28, watasahihisha. Zikipita, wasiliana na DVSA ukiwa na ushahidi wa maili, kama risiti za sevisi. Fanya hivyo kabla hujatangaza tena. Na kwa wanunuzi mnaosoma: namba moja iliyoruka juu halafu mwaka uliofuata ikarudi kwenye mstari wake mara nyingi ni kosa la kuandika. Angalia mwaka wa kabla na wa baada.