Mtoto wako kakamatwa na jeshi kule Kivu, mashariki mwa Kongo (DRC), akishukiwa kuwa na kundi la silaha? Anzia hapa

Kwanza tafuta karatasi ya umri, leo leo. Cheti cha kuzaliwa, kama hamna basi kadi ya chanjo au ya ubatizo, hata ile imekunjwa-kunjwa imeliwa na panya pembeni, mradi tarehe inasomeka. Piga picha uweke kwenye simu. Maana kila kitu kinasimama hapo: sheria ya Kongo ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema chini ya miaka 18 ni mtoto, na kumwingiza kwenye kundi la silaha ni kosa la aliyemwingiza, sio lake, awe kadogo (mtoto askari) wa kubeba bunduki au wa kupika tu.

Wakikwambia atapelekwa kwa auditeri wa kijeshi (mwendesha mashtaka wa jeshi), kataa kwa adabu, waambie mahakama ya jeshi haina mamlaka juu ya mtu wa chini ya 18, ipo kwenye sheria yao wenyewe ya mahakama za kijeshi ya 2002. Asilazwe selo moja na wakubwa, hilo usinyamaze kabisa.

Halafu nenda Msalaba Mwekundu (wale wa kamati ya kimataifa, CICR) au UNICEF, wape jina, umri na mahali alipokamatwa, waombe wafuatilie. Akitoka hulala kwanza kituo cha muda au familia ya kumpokea wakati nyumbani kunatafutwa, na apewe karatasi ya kuonyesha ametoka kwenye kundi la silaha. Hiyo asiiache, kizuizi kinachofuata barabarani wanaweza kumshika upya.