Unapanda ndege Kigoma na roho inadunda? Fanya hivi

Tangu ile ndege iangukie ziwani Bukoba Novemba 2022, watu 19 wakafa, huku Kigoma wengi wanasema bora treni. Mi napanda, ila nikikaa tu nafunga mkanda halafu nahesabu siti mpaka mlango wa dharura, mbele na nyuma, maana moshi ukijaa huoni kitu unapapasa tu. Jaketi okozi sio kama lile la kwenye boti, hili ukilivaa USILIJAZE upepo ukiwa ndani, ndege ya Ethiopia iliyoanguka Komoro 1996 kuna abiria walijaza mapema, maji yakaingia yakawaelesha juu darini wakashindwa kutoka. Mkiambiwa mtoke haraka, mizigo acha hata kama ni dagaa za mama mkwe. Ikitikisika mawinguni kaza mkanda, ni nadra sana kudondoka kwa hilo.