Kumtumia mgonjwa wa kisukari dawa kwa basi: anza na vidonge

Mgonjwa anayeshuka kutoka Newala kuja Mtwara mjini kufuata vidonge vya mwezi mmoja, siku imekwenda, nauli imekwenda. Msimu wa korosho ndiyo kabisa, hatoki shambani, na dawa inakatika. Wamarekani wengi hutumiwa kwa posta dawa za miezi 3 kwa mkupuo. Sisi tuna mabasi. Wenzangu wenye maduka ya dawa, mimi nafanya hivi.

1. Mtoe hofu kwanza. Bibi mmoja, mteja wangu, alinikatalia katakata: "Mjukuu wangu, dawa ikishapita mikono mitatu nitajuaje kama ni ile ile?" Sikumbishia, maana ana haki. Nilimwekea pakiti ya metformini, vidonge vyake vya kisukari, mezani, nikamwonyesha jina, miligramu 500 na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tukakubaliana: bahasha naifunga kwa utepe, nasaini nusu juu ya utepe, nusu juu ya karatasi. Akikuta saini imeachana, asimeze, anipigie. Mzunguko uliofuata yeye ndiye aliyeniuliza basi linatoka saa ngapi.

2. Cheti na kipimo. Picha ya cheti kwa simu haitoshi. Naomba na kipimo cha sukari cha karibuni kutoka zahanati. Akiniambia siku hizi anatetemeka na kutokwa jasho, sitoi glibenklamidi, kidonge kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi. Hiyo huenda ni sukari kushuka: anywe kitu chenye sukari papo hapo, kisha aende kliniki.

3. Aagize dawa ikiwa imebaki ya wiki mbili. Siku tatu hazitoshi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa na magari yakakwama.

4. Kufunga na kutuma. Nje naandika jina na namba ya simu, basi. "Kisukari" siandiki, stendi za vijijini konda huita mizigo kwa sauti. Namba ya gari na saa ya kuondoka namtumia mpokeaji kwa ujumbe.

5. Insulini, dawa ya kisukari ya sindano. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka nyuzijoto 2 hadi 8, na kikiganda hakifai tena, hata kikiyeyuka. Kwa hiyo barafu naizungushia kitambaa kizito, kichupa kinakaa katikati bila kuigusa, na konda namwomba asiweke boksi juu ya injini. Pale mbele ndipo wanapopenda kuweka vitu vya thamani! Insulini iliyo angavu kama maji safi ikifika na ukungu, irudi. Ile yenye rangi ya maziwa ikibaki na mabonge baada ya kuviringishwa taratibu viganjani, nayo irudi. Asiye na friji aweke kichupa anachotumia, kikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi, na kwa kawaida akitumie si zaidi ya siku 28. Mteja mpya simtumii insulini mpaka vidonge vyake vifike salama mara mbili.

6. Piga simu jioni. Usimuulize "umepata?" Atakujibu "nimepata, ahsante," hata kama bahasha bado iko stendi. Muulize saini ikoje, kisha mhesabu vidonge pamoja, yeye kule, wewe na daftari huku.