SOMO: Zilipendwa kwenye tangazo la chakula cha kupelekewa

Habari zenu wapambanaji. Leo nasema na wenye jiko linalopokea oda kwa simu au kwa programu: jinsi ya kutumia kumbukumbu za zamani hadi mtu aagize, badala ya kutabasamu na kupita.

Tuanze na tangazo la Uber Eats, programu ya kuagiza chakula, lililorushwa Marekani kwenye Super Bowl, ile fainali yao ya mpira wa Kimarekani, Februari 2021. Waliwarudisha waigizaji Mike Myers na Dana Carvey wakiwa Wayne na Garth, vijana wa filamu ya vichekesho ya Wayne's World ya mwaka 1992. Wanaapa kwamba wao hawawezi kumlaghai mtazamaji kama matangazo mengine, na hila zote wanazifanya palepale, mpaka mwanamuziki Cardi B anatokea. Ombi lao: agizeni kwenye migahawa ya mtaani kwenu. Korona ilikuwa imeibana migahawa kwelikweli.

Hatua ya 1: Umri wa mteja. Aliyekuwa na miaka 12 filamu ilipotoka, mwaka 2021 alikuwa na 41. Ana kipato, ana watoto, jioni amechoka. Huyo ndiye anayeagiza. Angalia rika la wanaokuletea oda nyingi, kisha rudi hadi miaka yao ya shule. Usichague enzi zako wewe.

Hatua ya 2: Kitu kimoja kidogo. Hapa ndipo penye kazi, na wengi wanapakimbia. "Miaka ya tisini" haimgusi mtu. Kinachomgusa ni kalamu ya Bic ndani ya tundu la kaseti, inazungushwa kurudisha kanda ili betri zisiishe. Ni mchezo wa nyoka kwenye simu ya Nokia. Ni daftari la maneno ya nyimbo: unasikiliza, unasimamisha, unaandika mstari, unarudisha tena. Piga picha kaseti na kalamu mezani, pembeni sahani ya chipsi mayai inayofuka moshi.

Hatua ya 3: Chakula kiwe ndani ya kumbukumbu. Lijaribu hivi: ficha jina la jiko lako. Kama tangazo hilohilo lingeweza kuuza sabuni, liandike upya. Wayne na Garth walifaa kwa sababu kwenye filamu yenyewe Wayne anakataa kuwapigia debe wadhamini huku bidhaa zao kazishika mkononi. Utani wa tangazo ulikuwa wao tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Ruhusa. Sura ya msanii, wimbo na kipande cha filamu vina wenyewe. Ulizia ofisi ya hakimiliki: Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Kaseti na kalamu yako haina wa kumwomba.

Hatua ya 5: Bei, namba ya oda, maeneo unayopeleka, saa ya mwisho. Vyote kwenye picha ileile.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Wateja wangu ni wanachuo, kaseti hawaijui.
Marahaba. Nao wana zilipendwa zao. Weka swali kwenye status: "Ukitoka shule ulikuwa unakimbilia kipindi gani, na ulikuwa unakula nini?" Majibu yatakayojirudia ndiyo tangazo lako.

Kaka, nasikia sekunde 10 za wimbo zinaruhusiwa bure?
Hapana, ndugu yangu. Usitegemee ufupi wa kipande, hasa unapofanya biashara. Pata ruhusa, au rekodi sauti zako: mafuta yakichemka, kitunguu kikiingia.

Utani je?
Weka, ila angalia unamcheka nani. Mwaka 2024, kwenye tangazo lao la Super Bowl, Uber Eats walimwonyesha mwigizaji Jennifer Aniston akimsahau David Schwimmer, mwenzake wa misimu 10 ya Friends, tamthilia ya vichekesho ya Marekani. Hapo sawa. Lakini palikuwa na kipande cha mtu aliyevimba uso kwa kusahau kwamba siagi ya karanga ina karanga. Watetezi wa watu wenye mzio wa chakula wakalalamika, kikaondolewa kabla ya mechi. Kwetu sisi tunaopeleka sahani hadi mlangoni kwa mtu, hilo si la mchezo. Kama mchuzi wako una karanga, andika hivyo kwenye tangazo lenyewe, kwa herufi zinazosomeka.