Kalenda ya Krismasi inayopanda basi: mifuko 24 ya vitenge na nyota za ukindu

Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, tunapanda basi la alfajiri pale Mbezi kwenda Marangu kwa mama mkwe wangu. Aliyewahi kuishi na Wachaga hahitaji kuelezwa: Krismasi huliwa nyumbani, na nyumbani ni mlimani. Mimi ni Mbondei wa Muheza niliyeolewa huko, na katika mizigo yetu yote kuna kitu kimoja ambacho wanangu wawili hawakubali kiingie kwenye buti. Ni kalenda yao ya kuhesabia siku za kungoja Krismasi: mifuko 24 yenye namba, mmoja hufunguliwa kila siku kuanzia 1 hadi 24 Desemba.

Mwaka wa kwanza niliitengeneza kwa viberiti. Nilikusanya maboksi matupu 24, nikayabandika kwenye kadibodi, nikayavalisha karatasi za rangi na namba. Ukutani kwetu Dar ilipendeza sana. Lakini ilisafiri chini ya mfuko wa mchele, na tulipofika Marangu maboksi ya 21 hadi 24 yalikuwa yamebonyea, mawili yamepasuka kabisa. Binti yangu, wakati huo ana miaka minne, alikishika kile kiboksi cha 24 mkononi akaniuliza kama Krismasi bado ipo. Usiku ule nilikaa jikoni kwa mama mkwe, nikakata upindo wa kanga yangu na kushona vimfuko vinne kwa mkono. Asubuhi vilikuwa vinaning'inia dirishani. Tangu hapo nashona.

Kama ninyi hamsafiri, viberiti vinatosha na ni kazi ya jioni moja. Gundi pika mwenyewe: koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano kwenye robo kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina ndani ya kikombe kimoja cha maji yanayochemka, endelea kukoroga kwenye moto mdogo hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Tia chumvi kijiko cha chai na punje chache za karafuu. Kwa joto letu huanza kuchacha siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo pika ya kutumia leo.

Sasa kalenda ya mifuko.

Anza kukusanya vitambaa Oktoba. Usinunue kwanza. Nenda kwa fundi cherehani wako, mwambie akuwekee vipande vya vitenge anavyotupa, na wewe fungua kabati lako utafute nguo zilizochoka. Ukiwa huna kabisa, mita moja ya kitenge inatoa mifuko yote 24 na vipande vitatu vinabaki. Lakini nakusihi, changanya. Mfuko wetu wa 3 ni kitambaa cha sare tuliyoshona harusi ya wifi yangu. Wa 11 ni shati la baba yao lililopasuka kwapani. Wa 17 ni mbeleko niliyowabebea wote wawili, na binti yangu kila mwaka huugusa kwanza kabla hajauliza ndani kuna nini. Kalenda ya dukani haiwezi kukupa hilo.

Kata kila kipande sentimita 12 kwa 28. Ncha mbili fupi zikunje kwa ndani sentimita 2 kila moja, uzipige upindo. Kitambaa kimebaki na urefu wa 24. Kikunje katikati, upande mzuri ukiwa ndani, ushone pembeni kulia na kushoto, sentimita 1 kutoka ukingoni. Geuza. Umepata mfuko wa upana wa 10 na kina cha 12. Kama unashona kwa mkono, sindano irudi nyuma kidogo kila hatua kabla ya kwenda mbele, la sivyo mtoto akiuvuta mara mbili mshono wote unafumuka. Hasa pale juu mdomoni, rudia mara tatu. Mifuko yangu mingi iliyoharibika ilianzia pale.

Namba ziandike kwa maka peni kwenye vipande vidogo vya marekani, kile kitambaa cheupe kisichong'aa, kisha uvishone juu ya mifuko. Ukiandika moja kwa moja juu ya kitenge, maua yanameza namba. Na 6 na 9 zipigie mstari chini.

Mifuko inaning'inia kwenye kamba ya katani yenye urefu wa mita 4, kila mmoja na kibanio chake cha nguo, umbali wa sentimita 15 kutoka katikati ya mmoja hadi mwingine. Kwetu kamba inafungwa kwenye nondo za dirisha la sebuleni na kurudi kwenye msumari wa pili, safu mbili. Katani ni bora kuliko nailoni kwa sababu kibanio hakitelezi. Ununue nyembamba, uipitishe kwanza kwenye kitambaa chenye maji ili vile vinywele visichome vidole vya watoto.

Kuna jambo linalonigusa kila ninapoifunga kamba hiyo. Mkonge uliletwa huku kwetu mwaka 1893, ukapandwa karibu na Pangani, si mbali na kwetu Muheza. Mwaka huohuo wamisionari wa Kilutheri wa misheni ya Leipzig wakafika Machame. Na hesabu hii ya siku ilizaliwa kwa Walutheri wa Ujerumani katika karne ya 19: walichora mistari 24 kwa chaki mlangoni, mtoto akafuta mmoja kila siku. Kalenda za kuchapwa zilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa zaidi ni Gerhard Lang wa München. Husimuliwa kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimshonea biskuti 24 kwenye kadibodi, moja kwa kila siku. Kwa hiyo ukishika sindano, unafanya kile alichofanya mama yule. Na mwaka ambao huna kitu wala muda, chukua chaki uchore mistari mlangoni. Hiyo ni kalenda kamili.

Watoto wakubwa kidogo watakuuliza kwa nini kanisani Majilio, yale majira ya kungoja Krismasi, yameanza Novemba na kalenda yenu bado. Waeleze: Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Kalenda ya ukutani huanza 1 Desemba kila mwaka.

Cha kuweka ndani

Hapa ndipo kina mama wengi hukwama, kwa kudhani kila mfuko unadai zawadi. Mimi nagawa hivi: mifuko minane chakula, kumi karatasi, sita vitu vidogo.

Vitu vidogo ni gololi, raba, penseli, puto, utepe wa nywele. Mfuko wa 9 ni bendera ya taifa ya karatasi waliyoipaka rangi wenyewe mwaka mmoja nyuma, kwa kuwa ni Sikukuu ya Uhuru.

Chakula kina kanuni moja: kisilale kwenye mfuko. Nilijaza pipi zote tarehe 30 Novemba mara moja tu katika maisha yangu. Tarehe 4 sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani hadi mfuko wa 8. Siku hizi kashata, karanga na pipi ninazo kwenye kopo jikoni, na kila usiku watoto wakilala natia cha kesho. Ubuyu funga kwenye nailoni mara mbili. Rangi yake nyekundu ikiingia kwenye kitambaa haitoki.

Karatasi ndizo zinazokumbukwa. Andika kwa lugha ambayo mtoto anaongea. "Leo tunapika kalimati, wewe unakoroga." "Leo mpigie bibi simu umwimbie wimbo mmoja mzima." "Leo unalala saa nne." "Leo chagua nguo yako nzuri, siyo iliyochanika, tumpe mtoto mwingine." Hiyo ya mwisho huwa na kimya kirefu, kisha kabati hufunguliwa. Usiandike ahadi inayotegemea umeme, wala inayotegemea mtu mzima kurudi kazini mapema. Mtoto anayengoja siku 24 anajifunza kukuamini, na karatasi moja isiyotimizwa ataikumbuka kuliko kumi zilizotimia.

Kwa watoto wawili huhitaji kalenda mbili. Mkubwa anafungua tarehe za witiri, mdogo za shufwa, na mwaka unaofuata wanabadilishana.

Nyota za ukindu

Muheza nilijifunza kusuka kwa bibi yangu mzaa mama, na mapambo ya kumetameta yanayouzwa Kariakoo, pamoja na uzuri wake, hunyonyoka sakafuni na mtoto mchanga hayaachi. Ukindu unadumu. Nyota zangu za kwanza bado zipo, zimegeuka rangi ya asali.

Nunua kifungu kimoja cha ukindu mweupe uliokauka, na kidogo uliotiwa rangi nyekundu ukipenda. Loweka nusu saa ili usipasuke. Chana nyuzi zenye upana wa nusu sentimita, ukate nne zenye urefu wa sentimita 14. Mbili zipange msalaba. Mbili nyingine zipange msalaba pia, uzilaze juu ya zile za kwanza katikati ya nafasi, upate miale minane iliyoachana sawasawa. Zibane katikati kwa kidole gumba. Sasa chukua uzi mwekundu, uzungushe karibu na kidole chako hivi: unapita juu ya mwale wa msalaba wa juu, chini ya mwale wa msalaba wa chini, juu, chini, mpaka ukamilishe minane. Vuta taratibu huku ukihisi nyuzi zinavyosogea na kujikaza zenyewe chini ya kidole. Funga fundo nyuma, acha mkia wa uzi wa kuning'inizia. Ncha zikate kwa mkasi ziwe kama mkia wa mbayuwayu. Ilaze chini ya kitabu kizito usiku mzima ikauke ikiwa bapa, maana ikikaukia hewani hujikunja.

Ya kwanza itakuchukua robo saa na kukukasirisha. Ya tano utaifunga huku unaongea. Tengeneza 24 ukiweza, moja kwa kila kibanio, na kila siku mfuko ukishafunguliwa mtoto anahamisha nyota kwenda kwenye mti. Hivyo ukuta unapungua na mti unajaa.

Mti wenyewe kwetu Dar ni tawi lolote kavu lenye umbo zuri, lililosimikwa kwenye kopo la mchanga. Marangu tunakata tawi la msonobari shambani kwa mama mkwe. Minyororo ya karatasi waachie watoto. Kila aliyesoma chekechea anaijua.

Duara la Majilio ni rahisi: sinia, matawi mabichi kuzunguka, mishumaa minne iliyosimama kwenye vikombe vya mchanga, unaongeza mmoja kuwaka kila Jumapili. Matawi yakianza kukauka badilisha, na ukindu usiukaribishe kabisa kwenye mshumaa, unashika moto kama nyasi. Jambo moja kwa wake wenzangu tulioolewa Uchagani: niliwahi kuona majani ya masale yanavyonawiri mpakani mwa shamba nikataka kuyachuma nizungushie sinia. Mama mkwe alinishika mkono. Sale ni jani la kuombea msamaha, mtu akikuletea huwezi kumkatalia, na ndilo linalopandwa mipakani na makaburini. Halipambi meza. Nilishukuru kuambiwa kabla sijakata.

Siku ya safari

Usiku wa tarehe 19 nashusha kamba bila kutoa vibanio. Naiviringisha kwenye mrija mnene wa kadibodi, ule ambao vitambaa huviringishiwa dukani. Muuzaji hukupa bure. Naifunga kwa kanga, na inakaa mapajani mwa mtoto hadi mwisho wa safari. Mfuko wa 20 unafunguliwa ndani ya basi. Una karatasi yenye majina: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Wanaweka alama kwenye kila mji tukiupita, na kabla ya Korogwe nawaonyesha mkonge dirishani, kamba yao ikiwa bado majani.

Tukifika, kabla ya chai, kamba inafungwa barazani kwa bibi ikiwa na mifuko minne iliyobaki. Mitatu naijaza mimi. Wa 24 ni wake, na hakuna anayeruhusiwa kuuchungulia. Mwaka juzi alitia ndizi sukari mbili na shilingi za kila mmoja zilizofungwa kwenye jani la mgomba, mfuko ukashindwa kufunga, kibanio kikaruka. Kwa hiyo wa 24 ukate mkubwa kuliko wenzake, sentimita 18 kwa 40, na mdomoni uushone mara nne.