Umemaliza digrii ya sayansi uko Tabora, kampuni changa inakuita

Wadogo zangu mliomaliza kemia, baiolojia au sayansi ya chakula mkarudi Tabora, kazi si lazima iwe Dar. Kampuni changa za asali zinahitaji watu kama nyie, ila ingia ukiwa umejipanga.

Kwanza cheki kama imesajiliwa BRELA, halafu dai mkataba wa maandishi hata kama bosi ni mtoto wa jirani. Uliza michango ya NSSF inapelekwa na nani, jumla ni 20% ya mshahara na wewe hutakiwi kukatwa zaidi ya nusu yake. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB kuna 15% nyingine inakatwa kila mwezi, so piga hesabu ya kodi ya chumba kabla hujasaini.

Kazini sasa, usisubiri maabara kama ya chuo. Washawishi wanunue refraktomita ya mkononi, upime unyevu wa kila ndoo inayotoka kwa warina asali wa Sikonge, ikizidi 20% itenge maana hamira zilizomo zitaichachusha na mteja atafungua chupa akute povu. Andika kipimo, tarehe, ndoo ya nani, hilo daftari TBS wakija kukagua ndo litawaokoa, na mi naona ndo kazi kubwa kuliko zote utakayofanya pale. Kubeba madumu utabeba pia, kawaida tu.

Ndoo ikiwa na maji mengi usimgombeze mzee wa watu, mpe shikamoo kwanza ndo umuulize kama masega yalikuwa yameshazibwa na nyuki alipoyarina.